Masanduku ya pembeni ya pikipiki: tupime mguu na mzigo kabla ya kuagiza



Katika mikutano yetu miwili iliyopita swali moja limerudi: pikipiki ya chama tuiwekee masanduku ya alumini pembeni, ama tuendelee kufunga magunia kwa kamba za mpira? Wengine wenu mmeona picha katika telefone za watoto: pikipiki kubwa za wasafiri wa Ulaya, na masanduku mawili yanayong'aa kama sufuria mpya. Mama mmoja aliuliza: kama wao wanavuka nayo Afrika nzima, sisi tutashindwa kufika nayo Pepa?

Swali ni la haki, na feza ya kulijibu ni ya likelemba yetu sote. Kwa hiyo sisi tuliotumwa kuchunguza tumechukua meta na mizani, tumehesabu, tumeongea na mafundi wa kuchomea na mataximani wanaojua njia ya Kalemie na mlima wa Marungu. Tunawaletea haya ili kila mmoja aje mkutanoni akiwa na neno la kusema.

Tutangulize jibu letu. Masanduku ni mazuri, lakini yawe madogo, membamba, ya kutolewa haraka, na yakae juu ya fremu ya chuma ambayo fundi wa hapa Kirungu anaweza kuitengeneza. Alumini ama kitu kingine, hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni uzito, la pili ni mguu wa mtu.

Masanduku haya yametoka wapi

Safari ndefu kwa pikipiki si kitu cha jana. Mwaka 1973 mwandishi wa habari wa Uingereza, Ted Simon, aliondoka London kwa Triumph ya cc 500, akapita Afrika toka kaskazini hadi kusini, na Kenya na Tanzania zilikuwa njiani mwake. Alizunguka dunia kwa miaka 4. Mwaka 2007 waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, walitoka Scotland hadi Cape Town kwa pikipiki za BMW, wakapita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Filamu za namna hiyo ndizo zilizofanya watu wengi wafikiri kwamba bila sanduku la alumini hakuna safari.

Lakini tuangalie vizuri. Pikipiki zile ni za cc 1200, na zina zaidi ya kilo 200 kabla ya kuwekewa mzigo. Za kwetu, TVS, Boxer ama Senke, ni za cc 125 ama 150, na uzito wake ni kilo 100 na kitu. Na hata zile kubwa zinashindwa. Katika safari yao ya kwanza, mwaka 2004, fremu ya pikipiki ya mpiga picha wao ilivunjika huko Mongolia, ikabidi wamnunulie pikipiki ndogo ya Kirusi ili aendelee. Kama fremu ya BMW inakatika kwa mzigo na njia mbaya, ya kwetu je?

Tena, jozi moja ya masanduku hayo ya kiwanda pamoja na vyuma vyake inaweza kupita yuro 1000. Hatuna haja ya kuendelea na hesabu hiyo. Tunaongea juu ya masanduku yatakayotengenezwa hapa, kwa mikono ya mafundi wetu.

Kwanza, mizani

Tuchukue sanduku lenye urefu wa sentimeta 40, kimo 35 na upana 20. Ukizidisha unapata lita 28. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuihakikisha hesabu hiyo. Sanduku hilo likijazwa maharagi linabeba karibu kilo 22. Mawili ni kilo 44. Ongeza masanduku yenyewe, kilo 5, na fremu ya kuyashika, kilo 5 nyingine. Sasa tumefika kilo 54. Huyo ni mtu mzima ambaye hatujamwona, lakini pikipiki inamwona. Tukimpakia na mama nyuma, pamoja na mtoto mgongoni, pikipiki inabeba watu wawili wakubwa zaidi ya dereva.

Watengenezaji wengi wa Ulaya huandika ndani ya sanduku kwamba lisipite kilo 10 kila upande. Kilo 10! Bidoni ya lita 20 za mafuta ya mawese ina karibu kilo 18. Maana yake, sanduku halikuwekwa kwa ajili ya kubeba kila kitu. Liliwekwa kwa ajili ya vitu vinavyohitaji kukaa vikavu, vikiwa vimefungwa na bila kupondeka: dawa, daftari, vitenge vya kuuza, sabuni, sukari, vyombo vya kazi, ndagala kavu. Ndagala ni mzigo mzuri wa sanduku kwa sababu unajaa kabla ya kuwa mzito. Maharagi na unga wa muhogo ni mzigo wa gunia, na gunia linakaa juu ya kiti, katikati, wakati hakuna abiria.

Pendekezo letu: akiwepo abiria, kila sanduku lisipite kilo 10. Asipokuwepo, lisipite kilo 15. Kulia na kushoto kuwe sawa, na kitu kizito kikae chini. Upande mmoja ukiwa mzito, dereva anashindana na pikipiki kutoka Kirungu mpaka anakokwenda, na katika tope atashindwa yeye.

Pili, mguu wa mtu

Hapa tunawaomba msome polepole, kwa sababu jambo hili katika picha halionekani.

Dereva anapoingia kwenye mchanga ama tope, pikipiki ikiyumba, anaweka mguu chini. Mguu unabaki pale, pikipiki inaendelea mbele. Kama nyuma ya mguu kuna sanduku la bati gumu, linampiga kwenye shavu la mguu na kuukanyagia chini yake. Mfupa unaweza kuvunjika hata kama mwendo ni wa polepole kama wa mtu anayetembea. Gunia halifanyi hivyo, linajikunja. Ndiyo maana wasafiri wengi wanaopita njia za mchanga wameacha masanduku magumu na kuchukua mifuko ya turubai.

Kwa abiria ni zaidi. Tulimkalisha mwenzetu mmoja kwenye kiti cha nyuma, miguu yake juu ya vyuma vya kukanyagia, tukapima nyuma ya kisigino. Tunataka nafasi ya shubiri moja nzima kati ya kisigino na sanduku. Fundi atasema: basi tulirudishe sanduku nyuma. Hapana, si nyuma sana. Likining'inia nyuma ya ekseli ya gurudumu, pikipiki inakuwa nyepesi mbele, na wakati wa kupanda mlima gidoni inacheza mikononi. Dawa yake ni moja tu: sanduku fupi. Ndiyo sababu tumesema sentimeta 40 za urefu na si 50.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wanawake. Wengi wetu tunakaa upande, miguu yote kushoto, kwa sababu ya kikwembe. Kukiwa na sanduku, upande huo hauna tena mahali pa miguu. Masanduku yakifungwa, kila mama atakaa kama mwanaume, mguu huku na mguu huku. Kwa usalama ni vizuri zaidi: mtu anayekaa upande anaanguka upesi, na kikwembe kinachoning'inia kinaweza kunaswa na gurudumu ama mnyororo. Lakini ni lazima tukubaliane mapema. Mtu asije akakuta masanduku siku anayotaka kwenda kwa msiba, akaanza kukalia ukingo wa bati. Vaeni suruali ndani, ama kikwembe kipana kilichokunjwa chini ya mapaja, na ncha zake zisiachwe.

Na kwa mgonjwa ama mama mwenye mimba anayepelekwa santre ya afya, masanduku yatolewe kabisa. Ndiyo maana hatukubali sanduku lililochomewa moja kwa moja kwenye pikipiki.

Tatu, upana na fremu

Kanuni ni rahisi: pale gidoni inapopita, sanduku nalo lipite. Gidoni ya pikipiki ndogo ina kama sentimeta 75. Nyuma ya pikipiki, pamoja na vyuma vya kushikia masanduku, kuna kama 30. Tukiongeza masanduku mawili ya sentimeta 20 tunafika 70. Tumebaki ndani ya gidoni. Tukichukua ya sentimeta 30, kama yale ya picha, tunafika 90, na hapo dereva atakwaruza ukuta wa daraja, mwembe wa kando ya njia, ama mtoto anayetembea pembeni. Dereva anaangalia mbele. Kilicho nyuma yake anakijua kwa kanuni tu.

Upande wa bomba la moshi, tuache vidole vinne kati ya bomba na sanduku. Joto la bomba linaunguza mzigo, na plastiki linaiyeyusha.

Fremu ya kushika masanduku iwe ya bomba la chuma, si ya alumini. Chuma kikikatika huko milimani, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomea anakirudisha. Fremu ishikwe mahali patatu kila upande: karibu na chuma cha kukanyagia abiria, juu karibu na shokabsoba, na nyuma kabisa. Kisha chuma kimoja kipite nyuma kuunganisha kulia na kushoto. Bila hicho, masanduku yanacheza na kuingia ndani kuelekea gurudumu. Kusiwe na kitu kinachofungwa kwenye plastiki ama kwenye taa za kuonyesha njia. Bolti zote ziwe na nati mbili. Baada ya kilomita 50 za kwanza zikazwe tena, halafu kila juma.

Mnajua zile Yamaha AG 100 ambazo mashirika mengi huzitumia huku kwetu. Zilifanywa kwa ajili ya wakulima na wafugaji, na toka kiwandani zina chuma cha kubebea mbele na nyuma. Kiwanda kilichofikiria mzigo kilianza na chuma cha kuushika, na sanduku likamwachia mwenye pikipiki. Nasi tufuate njia hiyo.

Nne, alumini, bati la chuma, bidoni ama turubai

Sasa ndipo tunafika kwenye swali lenyewe.

Alumini ni nyepesi. Kwa ukubwa uleule, uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma. Masanduku yetu mawili kwa alumini ya milimeta 1.5 yana karibu kilo 5. Kwa bati la chuma la milimeta 1 tu, yana kilo 9. Tofauti ni kilo 4, yaani mfuko wa sukari na zaidi katika kila safari. Alumini haiingii kutu nyekundu, na ikipondeka unaweza kuinyoosha kwa nyundo juu ya gogo.

Lakini ina tabia zake. Ya kwanza: mashine ya kawaida ya kuchomea chuma haiiwezi. Chuma kinayeyuka karibu na digrii 1500, alumini digrii 660, na haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka ili kumwonya fundi. Yule aliyezoea chuma anashtukia ameshatoboa tundu. Kwa hiyo masanduku ya alumini yaungwe kwa riveti, na pembe zake ziongezewe kona za bati nene. Riveti ikitoka, inarudishwa kwa dakika chache. Mafundi wanaofinyanga sufuria kwa alumini iliyoyeyushwa wanaijua tabia ya chuma hiki, waulizwe nao.

Ya pili: vitu vikisuguana na alumini njiani vinatoa unga mweusi. Kitenge kipya, daftari ama gunia la ndagala vitachafuka. Tutandike ndani katoni ama kipande cha mkeka. Ya tatu: chumvi inaila. Samaki wa chumvi wasikae juu ya bati lenyewe, na mahali bolti ya chuma inapogusa alumini tuweke kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, la sivyo pale patakulika. Ya nne: juani sanduku linakuwa jiko. Dawa zinazotaka ubaridi zina sanduku lake maalumu, zisiwekwe hapo.

Bati la chuma ni zito na linaingia kutu, lakini kila fundi analijua. Likipakwa rangi vizuri ndani na nje, ni chaguo lisilo la aibu.

Bidoni ya njano ya lita 20, iliyokatwa mlango upande wa juu na kufungwa kwa bawaba za mpira, ni sanduku la maskini mwenye akili. Ni nyepesi kabisa, haivunji mguu kama bati, haiingii kutu, na ikipasuka tunatafuta nyingine sokoni. Ubaya wake: haina kufuli, na jua linaikausha hadi ikatike.

Turubai lililoshonwa mifuko miwili inayolala juu ya kiti ndilo laini kuliko yote kwa mguu. Halina kufuli wala haliwezi kuzuia mvua ya Februari mpaka uweke mfuko wa plastiki ndani.

Tano, kifuniko, mvua na kufuli

Kifuniko kifunguke juu, si pembeni. Kikifunguka pembeni, mzigo wote unamwagika njiani mara kinapoguswa. Kiwe na ukingo unaoshuka sentimeta 2 juu ya sanduku, na mpira kati yao. Mpira huo wakati wa mvua unazuia maji, na wakati wa kiangazi unazuia vumbi jekundu, ambalo linaharibu bidhaa kama maji yanavyoharibu.

Kuwe na kishikio kila upande. Tukipakia pikipiki katika boti pale Moba kwenda Kalemie, masanduku yashuke kwanza, mama wawili wayabebe. Kwenye barière nako, ni afadhali sanduku lifunguliwe mara moja kwa ufunguo na kufungwa, kuliko kufungua kamba zote za gunia barabarani. Funguo ziwe mbili: moja kwa dereva, moja kwa mwenye kutunza feza wa chama.

Kabla ya kulipa, tujaribu

Tusilipe kazi yote kabla ya majaribio haya manne, na fundi aambiwe tangu mwanzo.

1. Maji. Tumwage ndoo mbili juu ya kifuniko kilichofungwa, ndani tukiwa tumeweka karatasi. Karatasi itoke kavu.

2. Mlima. Tuweke mifuko ya mchanga ya kilo 15 kila upande, dereva ashuke hadi bandarini Moba na kurudi Kirungu. Kisha tuangalie kila bolti na kila mahali palipochomewa.

3. Kulala. Pikipiki ikiwa imesimama, tuilaze chini polepole kulia, halafu kushoto. Sanduku lisifunguke, fremu isipinde. Tena mama wawili waweze kuiinua. Kama hatuwezi kuiinua, ni nzito mno kwa njia zetu.

4. Mguu. Mwenye miguu mirefu kati yetu na mwenye miguu mifupi, wote wawili wakae nyuma, washuke na kupanda mara tano. Kama bati linamgusa yeyote, sanduku lirudi kwa fundi.

Tunachopendekeza

Tuanze na fremu ya chuma, kwa sababu hiyo itatumika vyovyote vile. Katika juma la kwanza tufunge juu yake bidoni mbili zilizokatwa, tuone upana, uzito na nafasi ya miguu kwa macho yetu wenyewe. Zikitufaa, kadiri ya vipimo vile vile tuagize masanduku ya alumini ya kuunga kwa riveti: urefu 40, kimo 35, upana 20. Kama bati la alumini lenye unene wa milimeta 1.5 halipatikani, tusikubali jembamba la kufunikia dari, litapasuka kwenye riveti. Tuchukue bati la chuma la milimeta 1, lipakwe rangi.

Kibao cha barabara nacho si bati la fundi, hata akileta mtu kwa bei ndogo. Tunahitaji watu wajue njia.

Kwenye mkutano ujao tutaleta meta, mizani na bidoni hizo mbili. Mnaosafiri mara nyingi na pikipiki ya chama, mje na vikwembe mnavyovaa njiani, tupime kwa ukweli. Na mataximani waliotusaidia wamealikwa. Watakaa mbele, wataulizwa, na baada ya hapo tutainua mikono.